Saa ya Kupapasa



Mapadre Weupe walifika Karema mwaka 1885, kisha wakapanda Ufipa. Kengele ya misheni ilipolia, kipofu na mwenye macho walijua saa pamoja. Lakini mbele ya saa ya mfukoni, kipofu alilazimika kuuliza.

Huko Paris, karibu na mwaka 1799, fundi Breguet aliuza saa zenye mshale nje na vifundo pembeni, zisomwe kwa kidole. Baadaye mafundi waliwatengenezea vipofu saa zenye kioo cha kufunua.

Ukinunua, papasa kwanza. Je, mishale ni imara, haisogei ukiigusa? Kioo chafunga sawasawa, vumbi la kiangazi lisiingie? Saa isemayo hutaka betri; ya kutiwa ufunguo hutaka mkono wako tu.