Kanuni Moja, Daftari Zima

Chukua daftari la namba la mwenye duka la nafaka Mlandege, Iringa, miaka ya mwanzo ya 2000. Ndani yake kila kitu kimechanganyika: simu za mezani za 026 za hapa mkoani, 025 za Mbeya, 022 za Dar es Salaam, na namba za mkononi za wateja na madereva wa malori. Katikati ya muongo ule namba za mkononi zikabadilishwa nchi nzima. 0744 ya Vodacom ikawa 0754, 0748 ya Celtel ikawa 0784, 0741 ya Mobitel ikawa 0713, 0747 ya Zantel ikawa 0777. Tarakimu sita za mwisho zikabaki vilevile, na za mezani hazikuguswa kabisa.

Daftari la namna hiyo lina njia mbili za kurekebishwa. Ya kwanza ni kukata kwa kalamu na kuandika juu, hadi ukurasa usisomeke. Ya pili ni kununua daftari jipya na kupita jina kwa jina. Tuchukue Vodacom peke yake: namba ikianza na 0744, andika 0754, vinginevyo, nakili kama ilivyo.

Njia hiyo ya pili ina wazee wake kwenye kompyuta. Miaka ya 1957 na 1958 John McCarthy, akiandika programu ya kucheza sataranji kwa Fortran, alichoshwa na IF ya lugha hiyo, iliyotazama kama namba ni hasi, sifuri au chanya, kisha ikakurusha kwenye mstari mwingine. Yeye alitaka sharti litoe jibu lenyewe. Alipoibuni lugha ya Lisp pale MIT mwaka 1958, akaliweka sharti la aina hiyo, na pamoja nalo maplist, fanksheni inayopokea fanksheni nyingine, kuipitisha kwenye orodha na kutoa orodha mpya. Lugha ya Haskell, iliyotoka 1990, ikashika msimamo mkali zaidi: orodha ya zamani haifutwi wala kuandikwa juu.

Wanafunzi wa programu hukazana na sharti. Kwangu mimi uzito uko kwenye “vinginevyo”. Ukiisahau, umechuja badala ya kubadilisha: unabaki na watu wa 0744 peke yao, na mteja wako wa 026 amepotea. Ikiwepo, majina 80 yakiingia, yanatoka 80, kwa mpangilio uleule.

Ila “vinginevyo” haiulizi maswali. Mteja ambaye namba yake iliandikwa kwa mtindo wa kimataifa, +255 744, hakuguswa na kanuni, maana namba yake haianzi na 0744. Ilinakiliwa salama salimini kwenye daftari jipya, na ilipopigwa haikupatikana. Dawa yake ni kuongeza sharti la pili kabla ya “vinginevyo”, au kwanza kuzigeuza zote ziwe za mtindo mmoja.