Kutoka Jaji Wilson hadi Warioba: nani huketi kwenye tume?

Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza iliunda Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi. Mjumbe alikuwa mmoja tu: Jaji Mark Wilson. Hakukuwa na Mmeru wala Mwarusha aliyeketi kando yake. Ripoti yake ya 1947 ilipendekeza mashamba ya walowezi yaunganishwe, na Wameru wa Engare Nanyuki wapishe.

Novemba 1951 askari walifika. Watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, kueleza yale ambayo tume haikuyapa uzito.

Miaka 60 baadaye, Tanzania iliunda tume ya sura nyingine kabisa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya 2012 iliongozwa na Jaji Joseph Warioba, makamu wake akiwa Jaji Augustino Ramadhani. Wajumbe wengine 30 waligawanywa sawa kwa sawa kati ya Bara na Zanzibar. Ilikuwa na sekretarieti yake, na ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni.

Rasimu ya kwanza ilipotoka Juni 2013, ilirudishwa kwa wananchi kupitia mabaraza ya katiba. Kwa kawaida, kila kata ya Bara ilitoa wajumbe wanne, wakiwemo mwanamke, kijana na mzee. Wanakijiji walipiga kura kwanza, kisha majina yakapelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata kuchujwa. Hapo ndipo malalamiko yalipozuka: wengi waliona mchujo huo umewapa wanasiasa nafasi ya kupanga watu wao.

Tume ilikabidhi rasimu ya pili Desemba 30, 2013. Bunge Maalum la Katiba likaibadilisha kwa kiasi kikubwa, ukiwemo muundo wa serikali tatu uliopendekezwa na tume, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 ikaahirishwa.

Historia ya Meru na ya rasimu ya Warioba inatufundisha kwamba kuwasikiliza watu hakutoshi. Sheria ya tume yoyote ijayo lazima itamke nani anateua wajumbe, nani anaruhusiwa kugusa rasimu, na siku gani mwananchi atapiga kura. Tuyadai hayo kabla tume haijaapishwa.