Historia ya Mhalifu Anayependwa katika Tamthilia za Marekani

Kwa miongo mingi, tamthilia za televisheni nchini Marekani zililishwa na matangazo ya biashara. Muuza sabuni au magari alitaka watazamaji wengi waliotulia, na hakupenda bidhaa yake ifuatane na kisa cha kuudhi. Kwa hiyo mhusika mkuu alikuwa mtu mwema, polisi au daktari au baba wa familia, na uovu aliachiwa adui ambaye mwisho wake ulijulikana mapema. Kisa kilianza na kumalizika ndani ya saa moja, hivyo aliyekosa wiki hii hakupotea wiki ijayo.

Nyufa zilionekana kabla ya miaka ya 1990. Katika Dallas, iliyoanza CBS mwaka 1978, aliyewavuta watu alikuwa J.R. Ewing, tajiri wa mafuta asiye na haya. Tarehe 21 Novemba 1980, Wamarekani wapatao milioni 83 walitazama ili wajue nani alimpiga risasi. Hata hivyo J.R. alibaki adui wa kufurahisha. Hakuna aliyetakiwa kumwelewa. Hill Street Blues ya NBC, mwaka 1981, ilichimba zaidi: visa viliendelea wiki hadi wiki, na miongoni mwa polisi wake walikuwamo waliosumbuliwa na ulevi na waliovunjika ndoa.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na namna ya kulipa. HBO, iliyoanza mwaka 1972, iliendeshwa kwa ada ya wateja wake, kwa hiyo haikuwa na mfanyabiashara wa kumhofia. Mwaka 1997 ilitoa Oz, tamthilia ya gerezani ya Tom Fontana. Mfungwa aliyeletwa kama stelingi alichomwa moto akafa kipindi kile kile cha kwanza.

Tarehe 10 Januari 1999 ikaanza The Sopranos ya David Chase. Tony Soprano, aliyeigizwa na James Gandolfini, ni bosi wa mafia wa New Jersey anayezimia kwa hofu na kwenda kutibiwa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Ana mama mkorofi, mke anayejua fedha zinatoka wapi, na watoto wawili anaowapenda kweli.

Kipindi cha tano ndicho kilichobadilisha kila kitu. Tony anampeleka binti yake Meadow jimbo la Maine kutazama vyuo. Wakiwa safarini, binti anamuuliza waziwazi kama yumo katika mafia, naye anakubali nusunusu. Katika safari hiyo hiyo anamwona mtu aliyewahi kuwasaliti wenzake kwa serikali na sasa anaishi kwa jina jingine. Meadow akiwa chuoni kwenye usaili, baba anamnyemelea yule mtu kwa nyuma na kumnyonga kwa waya kwa mikono yake mwenyewe. Chris Albrecht wa HBO alihofu kwamba watazamaji wangemchukia Tony moja kwa moja. Chase alishikilia kwamba wangemdharau zaidi kama angemwacha hai, kwani bosi wa mafia asingefanya hivyo. Historia ilimpa haki Chase: watazamaji walibaki, na tamthilia ikafikisha vipindi 86 hadi mwaka 2007.

Wengine wakafuata. The Shield, mwaka 2002, ilimwonyesha polisi Vic Mackey akimuua polisi mwenzake katika kipindi cha kwanza. Mwaka huo huo ikaanza The Wire, kazi ya David Simon, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi kisha mwalimu katika mji huo. Hii ndiyo iliyo bora kuliko zote. Kila msimu ulifungua upande mpya wa Baltimore: biashara ya dawa za kulevya, bandari, siasa, shule na gazeti. Omar Little, aliyeigizwa na Michael K. Williams, anawaibia wauza dawa kwa bunduki lakini hamgusi asiyehusika, na Jumapili humsindikiza bibi yake kanisani. Anauawa dukani na mtoto mdogo. Kwa vipindi vyote 60, The Wire haikupata hata tuzo moja ya Emmy, na hilo ni aibu kwa waliotoa tuzo.

Breaking Bad ya Vince Gilligan, iliyoanza AMC mwaka 2008, iliingia kwa njia nyingine. Walter White ni mwalimu wa kemia mwenye saratani ya mapafu anayeanza kupika dawa za kulevya ili aiachie familia fedha. Marafiki wa zamani wanajitolea kulipia matibabu yake. Anakataa kwa kiburi. Mwishoni mwa msimu wa pili anasimama kando ya kitanda alicholalia Jane, msichana anayepaliwa na matapishi yake, na hamgeuzi. Machozi yanamtoka, lakini anamwacha afe.

Watazamaji wengi walimsamehe hata hilo, wakamchukia mkewe Skyler kwa kumpinga. Anna Gunn, aliyeigiza Skyler, aliandika katika New York Times mwaka 2013 jinsi chuki hiyo ilivyomfikia yeye binafsi. Katika kipindi cha mwisho, cha tarehe 29 Septemba mwaka huo, Walter anakiri kwa mkewe kwamba hakufanya yale kwa ajili ya familia, bali kwa ajili yake mwenyewe. Skyler alikuwa amemjua mumewe kabla ya watazamaji wengi.