Ile Waya ya Simu kwa Ukuta wa Cucu

Wiki jana fundi wa intaneti alikuja kwa ploti yetu hapa Dallas, Embu. Akapanda ngazi, akavuta waya mwembamba mweusi kutoka kwa nguzo, halafu akasimama. Kwa ukuta wa nyumba ya mbele, anakoishi Cucu mwenye ploti, kulikuwa na waya mwingine wa kijivu, umepakwa rangi juu ya rangi. Unatoka chini ya paa, unapita juu ya dirisha, unaingia sebuleni na kugawanyika: tawi moja linaenda kwa kisanduku kando ya kabati, lingine chumba cha kulala.

"Boss, nikate hii?"

Nikamwambia kata. Cucu akatoka na kisu cha viazi mkononi. "Kata uone, kijana."

Basi sijakata. Nimekaa nikimuuliza maswali, na nikasoma kidogo, kwa sababu nilikuwa nadhani huku kwetu simu ilianza na M-Pesa.

Marehemu mumewe alikuwa karani wa serikali. Hilo peke yake linaeleza waya. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka mikoa ikaisha na kaunti zikaingia 2013, na simu ya mezani ilifuata ofisi, haikufuata watu. Shirika la Posta na Simu la Kenya lilizaliwa baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika 1977, na lilikuwa peke yake sokoni. Ukitaka laini unaomba, unangoja. Mwaka wa 1999, shirika hilo lilipogawanywa na Telkom Kenya ikatokea, nchi nzima ilikuwa na laini kama 300,000. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu karibu milioni 28.7. Piga hesabu: laini moja kwa karibu watu mia. Kwa hivyo simu ya Cucu haikuwa ya Cucu. Ilikuwa ya majirani wote. Anasema kando yake kulikuwa na kopo la sarafu, na kwamba habari za msiba zilimfikia yeye kabla ya kufika kwa wenyewe. Mara nyingine alibeba ujumbe usiku na tochi.

Hilo tawi la chumba cha kulala liliongezwa ndiyo mzee asiamke gizani. Kwa sauti halina shida. Lakini miaka ya 2000 watu wakaanza kupata intaneti kwa shaba ile ile, na hapo ndipo nyumba zenye matawi zilianza kuteseka. Sauti inapita chini, intaneti inapita kwa masafa ya juu, na kichujio kidogo kinazitenganisha. Kila tawi lisilotumika linarudisha mawimbi nyuma na kuleta kelele. Ndiyo maana Ulaya mtu akiacha simu na kubaki na intaneti ya shaba, dawa huwa rahisi: toa kichujio, kata matawi yote, peleka jozi moja ya waya moja kwa moja mpaka kwa modemu. Inaongeza kasi kweli.

Huku kwetu kazi hiyo tulifanyiwa na wezi. Shaba ilikatwa ikauzwa kwa kilo, waya ukirudishwa unakatwa tena, mpaka Telkom yenyewe ikaanza kuuza simu ya mezani isiyo na waya. Tusicheke, mambo hayajaisha. Januari 2022 minara ya laini ya umeme kutoka Kiambere, hapa hapa kwetu, kwenda Embakasi ilianguka upande wa Nairobi baada ya kuharibiwa, nchi ikaingia giza, na serikali ikasimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa. Ya Cucu ilinyamaza mapema zaidi. Kencell na Safaricom walikuwa wameingia sokoni mwaka 2000, watoto wake wakamnunulia simu ya mkono, na hakuna aliyekwenda kuuliza laini ilikatikia wapi.

Waya ulirudi kwa njia ya bahari. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilitegemea sana setilaiti. Mwaka huo TEAMS na SEACOM zikatua Mombasa, kisha kioo kikapanda bara, na sasa kiko kwa nguzo za stima nje ya ploti zetu. Mimi naishi kwa kupost video, kwa hivyo sina matusi kwa kioo. Ila kuna kitu kinanikera: kwa ploti yetu sasa kuna waya tatu za kampuni tatu, na inayofanya kazi ni moja. Ukihama kampuni, mpya anavuta yake, wa zamani haji kutoa. Fundi wangu alitaka kukata ya Cucu, ambayo haimsumbui mtu, akaacha hizo mbili zinazoning'inia mlangoni ambapo watoto wanapita.

Na kuna jambo Cucu aliniambia nikakataa, mpaka nikahakikisha. Simu yake ililia hata stima ikipotea. Ni kweli, kwa sababu umeme wake, kama volti 48, ulitoka kwa betri za kituo cha simu, kupitia shaba yenyewe. Kioo hakibebi umeme. Uingereza inapanga kumaliza kuzima simu za shaba Januari 2027, na tarehe ilisogezwa mbele kutoka Desemba 2025, sababu kubwa ikiwa wazee wenye vitufe vya kuita msaada vilivyotegemea laini hizo.

Hapa stima hupotea bila kuaga. Kwa hivyo nimefanya hivi: waya moja inaingia, kisanduku cha kioo na ruta viko pamoja sebuleni kwa Cucu katikati ya ploti, na vyote viwili viko kwa betri ndogo moja. Kama unataka kuiga, soma nyuma ya kila kifaa kwanza. Vingi ni volti 12, si vyote. Zile mbili mfu nimezitoa mwenyewe, baada ya kupigia kampuni zote mbili na kuambiwa ningoje.

Ya kijivu iko pale pale. Jumamosi mnunuzi wa vyuma alipita, akaitazama, akauliza bei. Cucu alimuuliza yeye mama yake anaitwa nani.