Chumvi Iliyojificha Katika Mtutu wa Bunduki

Watu wengi hudhani kwamba bunduki hushikwa na kutu kwa sababu ya mvua au uvivu wa mwenyewe, basi. Katika maongezi haya twataka kueleza habari ya kutu ya namna nyingine, iliyowasumbua askari na wawindaji kwa muda wa miaka thelathini na zaidi. Mtu alipiga risasi chache, akafuta bunduki yake, akaipaka mafuta, akachungulia ndani ya mtutu akaona wang'aa kama kioo. Siku ya pili alipochungulia tena aliona wekundu. Kama ni askari, alikuwa hana la kujitetea mbele ya mkubwa wake, kwani nani atasadiki kwamba chuma kilichopakwa mafuta jana kimeota kutu leo? Wala halikuwa jambo dogo. Kutu hula mifereji myembamba inayozunguka ndani ya mtutu, na mifereji hiyo ikiisha kuharibika, risasi haiendi tena pale ilipoelekezwa.

Ili tufahamu asili yake yatupasa kurudi nyuma, zamani za gumegume na gobori. Baruti ya siku zile ilikuwa nyeusi, nayo ilichanganywa kwa shura, makaa na kiberiti. Katika kila sehemu 100, shura ilikuwa kama 75, makaa 15, kiberiti 10. Baruti hiyo ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa, bali hubaki moshi mzito na masizi. Masizi hayo hunuka kama yai viza, na huvuta unyevu upesi sana. Basi kila mwenye gobori aliosha mtutu wake kwa maji, akaukausha, ndipo akapaka mafuta. Hakuhitaji kufundishwa na mtu, kwa kuwa baada ya kupiga mara nyingi masizi yalijaa hata risasi ikakataa kushuka. Katika nchi zetu ujuzi huu ulidumu kuliko Ulaya, maana Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiletwe kwa wenyeji wa sehemu kubwa ya Afrika, ila gumegume ziliruhusiwa.

Gumegume ilikuwa na ila moja: cheche zake zilionekana kabla risasi haijatoka. Huko Belhelvie katika nchi ya Scotland alikuwako kasisi mmoja, Alexander Forsyth, aliyependa kuwinda ndege. Ndege walipoona mmeko ule waliruka wakaenda zao. Kasisi akafanya majaribio mengi, na mwaka 1807 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, yaani dawa inayowaka kwa kugongwa tu. Ndiyo asili ya fataki. Katika dawa yake alitia chumvi iitwayo klorati ya potasi, nayo ikaendelea kutumika katika fataki za majeshi kwa zaidi ya miaka mia. Chumvi hiyo ikiisha kuwaka huacha nyingine, kloridi ya potasi, ambayo ni ndugu wa karibu sana wa chumvi tutiayo katika mchuzi. Wakati wa baruti nyeusi haikumdhuru mtu, maana ilichanganyika na masizi, na masizi yakaondolewa kwa maji.

Kisha mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akavumbua baruti isiyotoa moshi mwingi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Waingereza nao wakafanya ya kwao, kordaiti, mwaka 1889. Watu walifurahi kwelikweli. Moshi ulitoweka, na masizi pia. Mtutu ulionekana safi hata kabla ya kufutwa. Wengi wakaona hakuna haja tena ya maji, kitambaa na mafuta vyatosha. Kutu ilipotokea, walilaumu baruti mpya wakisema kwamba ina ukali wa asidi, na wafanya biashara wakauza mafuta ya dawa ya kuua asidi hiyo. Kutu ikaendelea.

Mwenye makosa alikuwa fataki, si baruti. Tazameni chumvi ya jikoni wakati wa masika: hulowa yenyewe ingawa hakuna aliyeimwagia maji, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewa. Tena tieni chembe ya chumvi katika mafuta ya nazi mkoroge mnavyotaka, haitayeyuka. Itieni katika maji, hupotea mara moja. Basi aliyepaka mafuta juu ya chumvi alikuwa ameifunika, hakuiondoa. Nayo chini ya mafuta yale ilivuta unyevu kidogo kidogo ikala chuma.

Jeshi la Uingereza lilikuwa na desturi ya kumimina maji yanayochemka katika mtutu kwa faneli, kisha kupitisha kamba yenye kitambaa kikavu, na mwisho kitambaa chenye mafuta. Maji baridi huyeyusha chumvi vilevile, lakini ya moto hupasha chuma hata kikakauka upesi. Katika kitako cha bunduki ya Lee-Enfield palikuwa na tundu lenye kifuniko, na ndani yake kamba hiyo na chupa ndogo ya mafuta. Sisi twaona kwamba aliyeshika desturi ile bila kujua sababu yake alikuwa salama kuliko mwenye elimu aliyetafuta asidi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa Afrika ya Mashariki walipambana na chumvi ya bahari yenyewe. Askari wao wengi walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 za baruti nyeusi, ambazo moshi wake uliwaonyesha adui mahali walipo. Aprili 1915 meli iliyowaletea silaha mpya ilipigwa na manowari ya Kiingereza ikakwama katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena ikaopolewa, lakini viasi, yaani risasi zilizofungwa pamoja na baruti na fataki zake, vilikuwa vimelowa maji ya bahari, na vingi vilikataa kulia. Ikawabidi kuvifungua, kusafisha baruti, na kubadili baadhi ya fataki.

Sababu ya kutu ile ya mitutu ilielezwa wazi mwaka 1922, Ofisi ya Migodi ya Marekani ilipochapisha uchunguzi wa Wilbert Huff kuhusu kutu itokeayo chini ya mafuta. Baadaye fataki zisizo na klorati zikaenea madukani. Majeshi yalikawia, kwa kuwa fataki za zamani zilivumilia kukaa ghalani miaka mingi. Wamarekani wenyewe waliziacha kabisa baada ya Vita Kuu ya Pili. Viasi vya namna ile vingali vikiuzwa katika nchi kadhaa, na kwa nje havina alama ambayo jicho la kila mtu laweza kuitambua. Mwenye kuvitumia hana budi kuteleka maji.