Kidevu kilichorudi nyuma: historia ya taya na umri wa mtoto

Mama mmoja aliyetoka upande wa Salamabila aliniuliza swali. Kijana wake ana miaka 10. Meno ya juu yametoka mbele, kidevu kimerudi nyuma, na wenzake wanamcheka. Je, anaweza kutengenezwa bila kupasuliwa? Historia inatupa jibu.

Shida ya meno si jambo geni kwetu. David Livingstone alifika Kabambare, mwenyewe aliandika Bambarre, mwaka 1869. Mwaka 1870 alikwama hapo karibu miezi mitatu kwa vidonda vya miguu. Katika barua kwa binti yake alieleza kwamba meno yake yamevunjika kwa kutafuna mahindi magumu, na jino moja la mbele limetoka. Alikuwa daktari, lakini meno yake hakuweza kuyaokoa. Wazee wetu nao, katika sehemu nyingi za Kongo, walichonga meno ya mbele kwa urembo. Walijua kubadilisha umbo la jino. Lakini taya ni mfupa, halichongwi.

Madaktari wa nje walitafuta njia ya kuliongoza. Mwaka 1880 Norman Kingsley wa New York alieleza kibati cha kuvaa kwenye meno ya juu: mtoto akifunga mdomo, taya la chini linalazimika kuja mbele. Mwaka 1902 Pierre Robin wa Paris alitoa chombo kimoja kinachoshika meno ya juu na ya chini pamoja. Mwaka 1909 Emil Herbst alionyesha Berlin vyuma vya kufungwa kwenye meno, vinavyosukuma taya la chini mbele mchana na usiku.

Viggo Andresen wa Denmark alijifunza kwa binti yake. Alimtoa nyaya za meno wakati wa likizo, akampa kibati cha kuvaa usiku. Likizo ilipoisha, akakuta meno yanakutana vizuri zaidi kuliko mwanzo. Na mwaka 1977, huko Scotland, William Clark alitengeneza vibati viwili vinavyokutana kwa mteremko. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mtoto wa daktari wa meno mwenzake, aliyeanguka akaumia jino la mbele.

Vyombo hivi vyote vilitegemea kitu kimoja: mtoto anayekua. Vinasaidia zaidi mtoto anapokaribia kubalehe au akiwa ndani yake, na huvaliwa miezi mingi. Lakini tusidanganyane. Majaribio yaliyofanywa Uingereza na Marekani tangu miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kazi kubwa hufanyika kwenye meno, na taya lenyewe husogea kidogo tu. Faida ya kuanza mapema ni hii hasa: meno ya mbele huvunjika mara chache mtoto akianguka.

Kwa mtu mzima, nyaya zinaweza kurudisha meno ya juu nyuma, pengine baada ya kung'oa mawili. Tabasamu litabadilika, kidevu kitabaki pale pale. Taya likirudi nyuma sana, kinachobaki ni upasuaji. Mazoezi ya mdomo hayasogezi mfupa wa mtu mzima. Anayekuuzia dawa ya kukuza kidevu anakula pesa yako.

Vita vinatunyang'anya wakati huo wa kukua. Mtoto anayelala kambini miaka mitatu anapita umri wa kusaidiwa bila mtu kumwangalia mdomo. Kwa hiyo mzazi, fanya unaloweza leo. Mtoto mkubwa anayenyonya kidole, mwachishe kwa upole, maana kidole husukuma meno ya juu mbele. Meno yasafishwe, kwa kuwa chombo hakiwekwi kwenye meno yaliyooza. Ukipata nafasi ya kufika mjini kwenye daktari wa meno, mpeleke kabla hajamaliza kukua. Na mtoto mchanga mwenye kidevu kidogo sana, anayekwama pumzi akilala au akinyonya, apelekwe hospitali mara moja.

Mama yule nilimjibu: kijana wako hajachelewa. Nanyi watoto wa shule, acheni kumcheka mwenzenu. Taya lake halikuomba ruhusa kuzaliwa hivyo.