Viumbe Wanne Wadogo

Somo letu ni Mithali 30:24-28, shairi la Aguri. Amewataja chungu, wibari, nzige na mjusi. Hasifu udogo wao. Asifu hekima yao.

Chungu hana nguvu, bali ajua majira. Nasi wakulima wa Kericho na Bomet twajua: Januari hadi Machi jua likiwa kali, majani ya chai hupungua kikapuni. Aliyekwisha kuila bonasi yote na amtazame chungu.

Wibari hapigani; hukimbilia mwamba. Zaburi 104:18 nayo yataja kimbilio hilo.

Nzige wataka uangalifu. Wazee wetu waliwaona walipoivamia Kenya kati ya 1928 na 1931, nasi tukawaona tena kuanzia Desemba 2019. Katika Kutoka 10 wao ni hukumu. Katika Ufunuo 9:11 wana mfalme, malaika wa kuzimu. Lakini kwa Aguri hawana mfalme, nao ni walimu wa umoja. Basi kila mfano usomwe mahali pake. Tusimwendee jirani ambaye shamba lake limeliwa, tukamwambia kwamba ni kwa dhambi yake.

Umoja huo twaujua. Makampuni makubwa yalipanda chai Kericho tangu miaka ya 1920, na kwa miaka mingi serikali ya kikoloni haikumruhusu Mwafrika kuipanda. Wakulima wadogo walianza katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 shirika la KTDA likaundwa kuwahudumia. Jani bichi halingoji. Likikawia huharibika, na mwenye shamba dogo hawezi kujijengea kiwanda peke yake. Lakini vikapu vya wengi vikikusanywa kituoni hulisha kiwanda kizima, kama vile Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros. Ndugu, ikiwa twaweza kuungana kwa ajili ya jani, mbona kanisani twagawanyika kwa ajili ya ukoo na vyeo?

Mwisho ni mjusi. Mtoto aweza kumkamata kwa mkono, walakini yumo nyumbani mwa mfalme. Hakuijenga nyumba ile, wala hakuinunua. Ndivyo tutakavyoingia nasi nyumbani mwa Baba, mwenye shamba pamoja na kibarua amchumiaye: si kwa ukubwa wetu, bali kwa neema.

Bwana awabariki. Amina.